Kilemba cha Fundi na Shahada ya Chuo

Katika mkutano mmoja wa walimu wa chuo kikuu ambacho sitakitaja jina, ilisomwa barua iliyoomba kwamba mchongaji mmoja, mtu mzima mwenye kazi zake na wanafunzi wake, aajiriwe ili afundishe uchongaji wa mti katika darasa la sanaa. Kuisoma barua hakukuchukua hata dakika kumi. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: ana shahada gani? Ilipojulikana ya kuwa hana hata cheti cha kidato cha nne, barua ilikunjwa, na sisi tukaendelea na shauri la kununua viti vya ukumbi. Nilikuwapo, wala sikusema neno. Nilijiambia kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shauri la sanamu si langu. Insha hii ni malipo ya kimya kile. Ikiwa mahali pengine ukali wangu wapita kiasi, msomaji anisamehe, kwa kuwa sehemu ya ukali huo najikaripia mwenyewe.

Naandika nikiwa likizoni Madibira, katika nchi tambarare ya Usangu, mahali ambapo mto Ndembera hunywesha mashamba ya mpunga. Hapa, nyuma ya nyumba ya jirani yetu, yuko mzee achongaye vinu, mizinga ya nyuki, vigoda na miko. Nilimwendea asubuhi, tukasalimiana kamwene kama ilivyo desturi ya upande huu, nikaketi juu ya gogo nikamtazama. Alikuwa akichimba tumbo la kinu kwa tezo, na kila pigo lilianguka karibu na lile lililotangulia kana kwamba alikuwa amelipimia mahali pake tangu jana.

"Mwanangu," aliniuliza bila kuinua macho, "huko chuoni kwenu mnachonga?"

"Mimi nafundisha maneno, baba. Wako wengine wanaochonga."

"Na hao nani huwafundisha?"

"Watu waliosomea kazi hiyo."

"Waliisomea kwa nani?"

Swali hili la mwisho ndilo lililonipeleka kwenye vitabu. Wenzangu waliokunja barua ile wana jibu lake tayari, nami nimelisikia mara nyingi: kwamba uchongaji kama elimu, mbali na uchongaji kama kazi ya kijijini, ulianza kufundishwa Afrika ya Mashariki huko Makerere mwaka 1937, kwamba kabla ya hapo palikuwa na desturi tu, na mafunzo hayakuwapo, na kwa hiyo mtu asiyepitia mlango wa Makerere, au wa chuo kilichozaliwa na Makerere, hawezi kuitwa mwalimu. Basi na tuende Makerere tukaone huo mlango ulikuwaje.

Mwaka ule wa 1937 Margaret Trowell, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa London mwaka 1904, mke wa daktari, alianza kuwafundisha sanaa vijana wachache barazani kwa nyumba yake mjini Kampala. Palikuwa na baraza, karatasi, rangi, udongo, na mwanamke mwenye imani. Mitihani haikuwapo, wala diploma. Si haki kuidharau imani ile. Wakati wake wako Wazungu wengi waliosema wazi kwamba Mwafrika hana sanaa na hawezi kufunzwa sanaa. Yeye alisema kinyume chao, akaandika kinyume chao, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Chuo chake kilikua kidogo kidogo hata kikawa sehemu ya Makerere, na hadi leo chajulikana kwa jina lake. Aliye na macho hatamnyima sifa hiyo.

Miongoni mwa vijana wa mwanzo alikuwamo Gregory Maloba, aliyezaliwa Kenya mwaka 1922. Huyu hakuvutwa sana na rangi. Mikono yake ilikwenda kwenye udongo na mti. Sanamu yake ya mti iitwayo Kifo, ya mwaka 1941, ni kazi ya kijana wa miaka isiyofika ishirini, nayo yatajwa katika historia za sanaa mpaka leo. Trowell alimfanya msaidizi wake. Baadaye Maloba alikwenda Uingereza akasoma, akarudi, akawa mwalimu wa uchongaji. Na mwaka 1962 ndiye aliyesimamisha mjini Kampala ile sanamu ya Uhuru ya mama aliyefungwa vitambaa mwilini, amwinuaye mtoto juu mikono ikielekea mbinguni. Katika miaka hiyo ya 1960 alihamia Nairobi, akafundisha huko.

Nawaomba wenzangu wautazame mpango wa mambo haya. Kwanza ilikuwa mikono, ikafuata sanamu, ukafuata usaidizi wa mwalimu, na cheti kikaja nyuma kabisa. Maloba alipokuwa akifinyanga vichwa vyake vya kwanza, Makerere haikuwa na diploma ya sanaa ya kumpa. Lau kama mwenyekiti wetu angalikaa katika baraza ile ya 1937 na swali lake mkononi, mchongaji wa kwanza wa chuo cha kwanza angalirudishwa kwao, nasi leo tusingalikuwa na mlango wa kujivunia.

Lakini sitaki kumfanya Trowell kuwa mtakatifu ili niwapige wenzangu kwa jina lake. Alikuwa na kosa, na kosa lile tunalo hata sasa. Yeye na Klaus Wachsmann walitoa mwaka 1953 kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda: vyungu, mikeka, ngoma, ngao, vibuyu, kila kimoja kimechorwa na kuelezwa kwa uangalifu ambao sijauona tena. Alikuwa pia mtunzaji wa jumba la makumbusho la Uganda wakati wa vita kuu ya pili. Alikijua chungu. Alikipima, akakichora, akakiweka kabatini. Walakini historia ya chuo chake, jinsi isimuliwavyo, ina majina ya Trowell, ya Maloba, ya Cecil Todd aliyetoka Afrika ya Kusini na kumrithi mwaka 1958, na ya wengine waliofuata. Jina la mfinyanzi wa kijijini aliyepewa kiti cha ualimu halimo. Chungu kiliingia katika kitabu, mfinyanzi akabaki nje ya darasa. Na mwaka 1954 Trowell alipoandika juu ya sanamu za kale za Afrika, kitabu kilijaa kazi za Afrika ya Magharibi na Kongo, mwanafunzi wetu akafahamishwa kwamba wazee wa sanamu yake wako mbali.

Je, ni kweli kwamba kwetu hapakuwa na sanamu? Mwana hiti wa Wazaramo ni nini? Vigango vya Wamijikenda, mapiko ya Wamakonde, kiti cha enzi cha Unyamwezi chenye umbo la mtu mgongoni, ambacho kimoja chake kipo Berlin tangu enzi ya Wajerumani, ni nini? Vitu hivi havikuota kama uyoga. Kila kimoja kilichongwa na mtu, na mtu huyo alifunzwa na mtu mwingine, kwa utaratibu na kwa miaka.

Na utaratibu huo ulikuwa na sheria zake. Pwani, mwanagenzi wa useremala au wa kutia nakshi milango alikaa kwa fundi, akafagia, akanoa patasi, akachora mstari, akaachiwa ua dogo la pembeni, kisha mwimo, na mwisho kabisa mfaa ambao kila apitaye huutazama. Siku ya kuhitimu alimpa fundi wake kilemba. Neno hili wanafunzi wangu hulijua kwa maana ya kitambaa cha kichwani tu, na wengine kwa maana ya sifa za uongo, kilemba cha ukoka. Maana ya ada ya mwanagenzi anayefunguliwa na fundi wake imeanza kusahauliwa. Ilikuwa shahada, tena shahada iliyotolewa mbele ya watu walioijua kazi. Mtu aliyefunguliwa kabla ya kuiva alijulikana sokoni kwa juma moja.

Mfano wa nguvu ya mafunzo haya twaupata kwa Wakamba. Masimulizi yao yasema kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyechukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918, alifika Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa wachongaji wa huku, akarudi kwao akawafundisha jamaa zake. Kutoka kwa mtu mmoja palitoka kijiji kizima cha wachongaji, na kutoka kijiji kile palitoka kazi iliyolisha maelfu ya nyumba Ukambani, Nairobi na Mombasa. Mambo hayo yote yalitangulia baraza ya Kampala. Ikiwa huko si kufundisha, basi sijui neno kufundisha lina maana gani, na mimi nalipwa mshahara kwa kulijua.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambaye hajui asiseme hakuna la kuona. Katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu bila gurudumu. Chungu hukalishwa juu ya kigae, mkono mmoja ukakizungusha na mwingine ukakipandisha ukuta, mpaka unene wake ukawa sawa kila mahali, kisha hupakwa rangi nyekundu na nyeupe na kuchomwa nje kwa nyasi na kuni. Huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo hupanda hata Mbeya mjini. Msichana hujifunza kwa mama, na mama ndiye mtihani. Mwanafunzi wa chuo aliyefundishwa uzani wa umbo kwa picha za ukutani aweza kukaa hapo Ikombe siku tatu akajua jambo ambalo ukuta haukumwambia: kwamba udongo una saa yake, ukikawia umekataa, ukiwahi umeanguka.

Sasa nazifikia hoja za wenzangu, maana hawakuwa watu wapumbavu, na baadhi ya maneno yao yana uzito.

Walisema kwamba fundi wa kijijini hurudia sanamu moja mara elfu. Ni kweli kwa wengi. Nenda Mwenge, Dar es Salaam, uone Mmasai aliyesimama na mkuki, na jirani yake Mmasai aliyesimama na mkuki, na upande wa pili ndugu zao arobaini. Lakini ni nani aliyewataka hao arobaini? Mnunuzi. Mchongaji ana watoto, na mtalii ana haraka. Mpe mchongaji yule yule mshahara wa mwezi na mti mzuri, usimwambie afanye nini, kisha umhukumu. Tena katika wachongaji hao hao wa Kimakonde ndimo alimotoka Samaki Likankoa, anayekumbukwa kuwa mwanzilishi wa sanamu za mtindo wa shetani, ambazo hapana mwalimu aliyeziagiza na hapana kitabu kilichozitabiri. Humo alitoka George Lilanga, aliyeingia Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 akiwa mlinzi, na alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikwisha kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Mlinzi! Nafikiri mara nyingi juu ya mtu yule langoni, na juu ya walimu wa sanaa waliopita mbele ya malango mengine kama lile bila kumwuliza mlinzi usiku wake anaupitishaje.

Walisema pia kwamba fundi hajui historia ya sanaa wala hawezi kueleza akifanyacho. Sehemu ya kwanza naikubali, ndiyo maana sikuomba, wala barua ile haikuomba, kwamba apewe somo la historia. Liko kwa wenye kulijua. Sehemu ya pili siikubali hata kidogo. Fundi hueleza sana, ila hueleza kwa lugha ambayo sisi hatuiandiki. Hapa ndipo shauri la sanamu linapokuwa shauri langu, nami nilipaswa kusimama siku ile.

Kwa Kiswahili mti huchongwa, udongo hufinyangwa, chuma hufuliwa, shaba husubiwa katika kalibu, na mlango hutiwa nakshi. Ni vitendo vitano, na kila kimoja kina mkono wake. Kuna tezo na patasi, keekee na tupa, randa na jiliwa, fuawe na mivukuto. Kuna msasa, jani la mti lililolainisha kazi za mafundi kabla ya karatasi yenye jina hilo kuja kutoka ng'ambo. Katika madarasa ya sanaa mwanafunzi wa Kitanzania huambiwa kwamba maneno ya taaluma hayapo kwa lugha yake, akayakariri kwa Kiingereza, akayajaza katika karatasi ya mtihani, na akipewa tezo halijui jina. Nimewauliza wahitimu wanne wa sanaa jina la tezo. Mmoja alisema shoka dogo. Watatu waliliita kwa Kiingereza, na wawili kati yao walikosea. Kamusi zetu zinayo maneno haya tangu kale. Walioyakosa ni walimu, kwa sababu wenye maneno wamezuiwa mlangoni kwa kukosa karatasi.

Ya mwisho ilikuwa hoja ya kanuni: kwamba sheria za vyuo vikuu hazimruhusu asiye na shahada kufundisha wenye kutafuta shahada. Hoja hii hupendwa kwa kuwa humaliza mazungumzo. Lakini watu wenye vyuo kama vyetu na kanuni kama zetu wamepata njia. Ladi Kwali wa Nigeria alikuwa mfinyanzi wa kijijini aliyefunzwa na shangazi yake. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, akawa miongoni mwa walioonyesha na kufundisha, na mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello huko Zaria kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Umbo lake akifinyanga limechapwa nyuma ya noti ya naira ishirini. Nchi hiyo hiyo ilimweka Lamidi Fakeye, mchongaji wa mti kutoka ukoo wa wachongaji wa Kiyoruba, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Ife. Wanigeria hawakubomoa vyuo vyao kwa kufanya hivyo. Walitafuta cheo, wakakipa jina na mshahara, wakamwita fundi.

Na Makerere yenyewe, mwaka 1978, katika siku mbaya za Uganda, ilimpata Francis Nnaggenda awe mwalimu wa uchongaji. Huyu alikuwa na masomo yake ya Ujerumani, kwa hiyo simleti kama mfano wa mtu asiye na karatasi. Namleta kwa sababu nyingine. Vifaa vilikuwa haba, naye akaunganisha mti na mabaki ya vyuma, akawafundisha wanafunzi kuona sanamu katika kilichotupwa. Sanamu yake ya mti iitwayo Mhanga wa Vita imesimama katika maktaba kuu ya Makerere, mwili uliokatwa na bado umesimama. Mtu akiitazama hukumbuka kwamba kazi ya mwalimu wa uchongaji ni kufungua macho ya mkono, na kwamba miaka ya uhaba ilimtaka mwalimu ajue mti na chuma vilivyopo kabla ya kujua vile vinavyoagizwa. Fundi wa kijijini huo ndio ujuzi wake wa kila siku.

Hapa Tanzania tulikuwa na nafasi mbili nzuri. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua idara ya sanaa, muziki na sanaa za maonyesho, na katika walimu wake walikuwamo Sam Ntiro na Elias Jengo, wote wawili wazao wa Makerere. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Bagamoyo ilizaliwa karibu zaidi na mafundi, na katika ngoma imewaheshimu wazee kuliko chuo chochote nikijuacho. Mpiga ngoma asiye na cheti hatushangai akifundisha. Mchongaji asiye na cheti twamfukuza. Sijapata mtu wa kunieleza kwa nini ngoma isamehewe na mti usisamehewe.

Basi naomba nini? Sidai kwamba shahada zifutwe. Yangu mwenyewe ilinigharimu miaka, nami naipenda. Nataka katika kila idara ifundishayo uchongaji pawe na cheo cha fundi mwalimu, kwa mkataba wa miaka mitatu, mshahara usiopungua wa mhadhiri msaidizi, na kazi yake ihukumiwe kwa kazi za mikono yake na za wanafunzi aliowafungua. Wahukumu wawe watu wawili wa chuo na mafundi wawili wa nje. Nataka afundishe kwa Kiswahili, na wanafunzi wayaandike maneno yake. Barua ya pili nimekwisha kuiandika, na safari hii itasomwa nami mwenyewe katika mkutano, na nitaomba kumbukumbu zionyeshe majina ya wapingao na sababu zao.

Jana jioni nilimweleza mzee wa vinu shauri hili, nikamwuliza kama angekubali kuja kuzungumza na wanafunzi kwa juma moja, kwa majaribio. Alifikiri kitambo. Akasema juma moja halitoshi hata kuchagua mti. Kwamba mninga aliotuona nao chuoni, alipokwenda kumtazama mjukuu wake, ulikuwa mbichi na umepasuka. Na kwamba yeye hachongi kwa tezo ya kuazima, kwa hiyo kila kijana aje na yake, na wasiojua kuinoa waje siku moja kabla.